Chifu Aliingia, Mtoto Akabaki Nje

Chama chetu kinatafuta koo za watu. Kinakutana kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, katika ukumbi wa parokia pale Mabanga, na majirani wanakiita chama cha wafu. Siwezi kuwalaumu. Wafu ndio wanachama wetu bora: hawachelewi, hawaombi kuongeza neno dogo, na hawaanzi kula mandazi kabla ya sala ya kufunga. Sisi wazima ndio taabu.

Niliingia humo kwa sababu ya mama yangu. Mimi nilikuwa na duka langu la vitenge na sikuwa na haja ya babu yeyote zaidi ya wale niliokuwa nao, ambao tayari walikuwa wananitosha kwa masimulizi. Lakini Jumapili moja kanisani walisoma tangazo. Kuna chama, walisema, kinasaidia familia kuandika ukoo wao. Kina picha za zamani, kina masomo ya namna ya kuuliza wazee, kinakwenda makaburini, na mwisho wa mwaka kinatundika karatasi za familia zote ukumbini ili watu waje waone. Mama huwa anasinzia saa ya matangazo, na kwa umri wake hakuna padri anayeweza kumkataza. Siku hiyo alifungua macho.

Tulipokuwa tunatembea kurudi nyumbani, mtaa wa Katoyi, mama akaniambia, "Uniandikishe kule."

"Kule wapi?"

"Kwa wale watu wa ukoo. Nataka mutoto wangu wa kwanza aandikwe."

Nilisimama katikati ya barabara. Pikipiki ya abiria, ile tunayoita moto, ikapiga honi, ikanipita kwenye kiwiko, na dereva akaniuliza kwa sauti kama nilitaka kwenda kuzikwa leo au kesho. Sikumjibu, na wanaonijua wanajua si kawaida yangu kuacha dereva wa moto bila jibu.

Mimi nilikuwa najua. Sote nyumbani tulikuwa tunajua, kwa namna ile watu wanavyojua jambo ambalo halisemwi mezani. Kabla yangu mama alizaa msichana, huko upande wa Butembo, mwaka ule alioolewa. Baba alikuwa safarini na mizigo, mvua ilikuwa haikatiki, na mtoto hakumaliza juma. Walimzika nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Baadaye nyumba iliuzwa, migomba ikang'olewa, na mwenye kiwanja akajenga juu yake. Hapana picha, hapana msalaba, hapana cheti cha ubatizo. Mama hakuwa na mahali popote pa kwenda kusimama na kusema, mutoto wangu yuko hapa. Ndiyo sababu alikuwa anataka karatasi. Alinieleza yote hayo kwa maneno machache, palepale barabarani, huku ananivuta mkono tutoke katikati.

Basi tukaandikishwa.

Niseme ukweli, nilikwenda shingo upande, na Jumamosi ya pili nilikuwa nawahi kuliko mama. Ukumbi wenyewe si kitu: kuta za mawe meusi, viti vya plastiki ambavyo kila kimoja kina mguu mmoja wenye mawazo yake, na meza tatu. Juu ya meza ya kwanza kuna sanduku la picha ambazo wenyewe hawajulikani. Watu wameziokota kwa marehemu zao, hawajui ni nani, wakazileta. Unapewa rundo, unatazama, ukimjua mtu unasema. Hiyo ndiyo nadharia. Kwa vitendo, kuna picha moja ya bwana mmoja na baiskeli yake, amevaa koti, amenyoosha shingo, na familia tatu zinamdai kuwa babu yao. Familia ya nne inadai baiskeli tu.

Meza ya pili ni ya karatasi, zile ndefu za kukatia mitindo ambazo mafundi cherehani wanatumia. Unaandika wakubwa juu, unateremka, unaunganisha kwa mistari. Meza ya tatu ni ya chai, nayo ndiyo inayofanya chama kisife.

Prezida wetu ni mwalimu aliyestaafu. Anaongea Kiswahili kizuri mpaka atakapofika kwenye hesabu au kwenye hasira, hapo anahamia Kifaransa. Ndiye anayetoa somo la kuuliza wazee. Usimuulize mzee alizaliwa mwaka gani, anatufundisha, maana atakupa mwaka wowote ili umwache apumzike. Muulize mlima ulipotapika moto yeye alikuwa anafanya nini. Nilijaribu kwa bibi mmoja jirani yetu. Nikamuuliza kwa adabu zote, "Nyanya, mulima ulipotoka ulikuwa wapi?" Akaniangalia kwa huruma. "Ulipotoka mara gani, mwanangu? Ule umezoea." Kisha akaniuliza mimi niliolewa lini na mume wangu yuko wapi, na nusu saa baadaye ni mimi niliyekuwa nahojiwa, natoa na mambo ambayo sijawahi kumwambia padri.

Sekretere ni mama kutoka milima ya Masisi, kwao ni wafugaji. Karatasi yake ya ukoo ina ng'ombe. Mwanzoni tulimcheka mpaka machozi. Anasahau jina la shangazi, lakini ng'ombe aliyetoka kama mahari ya yule shangazi anamkumbuka, rangi yake, pembe zake, na ndama wake walikwenda zizi gani. Kwa kufuata ng'ombe alipata shangazi wawili walioolewa mbali ambao ndugu zake wote walikuwa wamewapoteza. Baada ya hapo tulipunguza kucheka. Hatukuacha, tulipunguza.

Yeye naye ana zamu yake ya kutucheka sisi Wanande, watu wa upande wa Butembo, na sababu anayo. Kwetu jina linafuata zamu ya kuzaliwa. Binti wa kwanza ana jina lake, wa pili lake, wa tatu lake, na wavulana vilevile. Ukiita jina la kijana wa pili pale soko la Virunga, mboga zitabaki peke yazo. Sasa fikiria watu wa namna hiyo wanatafuta ukoo. Jumamosi moja familia mbili ziliweka karatasi zao pembeni kwa pembeni, wakashtuka. Babu huyu na babu yule, watoto wao walikuwa wanafanana majina moja kwa moja, kutoka juu mpaka chini! Mama mmoja akapiga kigelegele. Wakakumbatiana, wakalia, wakaitana ndugu waliopotezana. Juma lililofuata wakachinja kuku, wakatualika, na prezida akatoa hotuba, nusu yake Kifaransa kwa ajili ya furaha.

Sekretere alikuwa anakula paja lake la kuku. Alipomaliza akapangusa vidole, akauliza, "Lakini ninyi Wanande, si kila nyumba iko na majina hayo? Hata ya jirani yangu iko vile vile, na huyo hata hamumupendi."

Kuku alikuwa ameshaliwa, tufanye nini? Zile familia zilitazamana, mzee wa upande mmoja akasema undugu ukishaliwa hautapikwi tena, wakaendelea kuwa ndugu. Mpaka leo wanazikana.

Mambo kama hayo ndiyo yaliyoleta sheria. Zamani, jamaa mmoja aliandika mtoto wa jirani katika karatasi ya familia yake, eti wanafanana masikio, na nusura watu wapigane viti. Komite ikaamua: hakuna jina linaloingia bila ndiyo ya mkubwa wa nyumba. Akisema ndiyo, linaandikwa. Akisema hapana, hata kama ni jina la mama yako mzazi, kalamu inarudi mfukoni.

Mkubwa wa nyumba yetu ni kaka wa marehemu baba. Mimi namwita papa mukubwa. Anakaa mtaa wa Majengo, na zamani alikuwa mfanyabiashara wa safari ndefu, wa maharagwe na chumvi, wa kulala juu ya mizigo kwenye lori siku nzima na kuamka mahali ambapo watu wanaongea lugha nyingine. Anavaa koti na kofia hata jua likiwaka. Ukimsalimia anakusahihisha namna ulivyosimama. Nampenda sana, na kuna siku nyingi ambazo inabidi nijikumbushe.

Tulikwenda kwake, mama na mimi, na sabuni na sukari kama inavyotakiwa. Mama alikaa kwenye kiti cha chini, akaongea akitazama mikono yake. Alisema anaomba yule mtoto wa kwanza aingie kwenye karatasi, kwa kuwa hana mahali pengine.

Papa mukubwa alikohoa. "Ule mutoto hakubatizwa."

"Hapana, muzee. Hakufikisha."

"Hakutolewa inje. Wazee hawakumuona. Mutoto ambaye wazee hawakumuona, ukoo haumujui. Siyo mimi ninasema. Ni desturi."

"Ndiyo, muzee," mama akasema.

Hapo nikawaka. Nikamwambia papa mukubwa kwamba desturi haikubeba mimba miezi yote ile, na kwamba ukoo ambao haumjui mtoto wake una akili gani. Nikasema na mengine. Papa mukubwa akasimama, akavaa kofia yake, ndani ya nyumba yake mwenyewe, na akasema mazungumzo yameisha. Tulitoka. Mama hakunigombeza. Alitembea mbele yangu mpaka Katoyi bila kugeuka, na afadhali angenigombeza.

Baada ya hapo papa mukubwa alianza kuja chamani kila Jumamosi. Nadhani alikuja kulinda karatasi. Lakini akanogewa, kama sisi wote. Akaleta majina ambayo sikuwahi kuyasikia, babu za babu, na wake zao, na vilima walivyotoka. Alikuwa anakumbuka vizuri, sitamnyima hilo. Alipofika juu kabisa, mahali ambapo watu wa heshima wanaacha nafasi na kuweka alama ya kuuliza, papa mukubwa akaweka chifu.

"Chifu gani, muzee?" prezida akauliza.

"Babu ya babu yangu alikuwa ndugu ya chifu."

"Tunaomba ushahidi kidogo, muzee."

"Angalia pua yangu," akasema papa mukubwa, akageuza uso upande wa dirisha ili prezida apate mwanga.

Nani angebisha? Mkubwa wa nyumba alikuwa amesema ndiyo. Chifu akaandikwa kwa herufi kubwa, na mstari chini yake, na papa mukubwa akataka na taji lichorwe lakini sekretere akasema kalamu imekauka. Nilikwenda nikamwaga chai yangu nje kwa hasira. Mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona ameingia kwa sababu ya pua, na mtoto ambaye mama yangu alimzaa kwa tumbo lake amebaki nje! Nilimwambia mama tuondoke, tuanzishe karatasi yetu wenyewe tuitundike sebuleni. Mama akasema hapana. "Ile karatasi iko pa baba yake," alisema. "Nataka pa baba yake."

Mwisho wa mwaka ukafika na siku ya kutundika. Kamba zilifungwa kutoka ukuta mpaka ukuta, karatasi zikabanwa kwa vibanio vya nguo, na ukumbi ukawa kama ua wa mama mwenye watoto wengi. Watu walikuja kutoka Mabanga, Katoyi, Majengo, wengine walitoka mbali wakiwa na virago. Desturi ya siku hiyo ni kwamba kila mkubwa wa nyumba anasimama mbele ya karatasi yake, anaisoma kwa sauti kutoka juu mpaka chini, na prezida anamuuliza mbele ya watu kama imetimia. Akisema imetimia, prezida anapiga muhuri pembeni, na karatasi imefungwa. Mwaka mwingine haifunguliwi.

Kwa hiyo mama alikuwa na alasiri ile tu. Mimi nilijua, yeye alijua. Alikuwa amevaa kitenge chake cha Pasaka na alikaa mstari wa mbele, mkoba juu ya magoti. Nilikuwa naogopa kuliko siku ya ndoa yangu, na ile siku nilikuwa na sababu nyingi za kuogopa.

Papa mukubwa alisoma vizuri. Alianza na chifu, akakaa hapo muda mrefu, mpaka watoto wakaanza kulia. Akateremka kwa babu, kwa wake wa babu, kwa ndugu zake, kwa marehemu baba yangu. Akafika kwenye mstari wetu. Mimi nilikuwa wa kwanza, nimeandikwa kubwa, kisha wadogo zangu wote wavulana. Alimaliza akafuta jasho.

"Muzee, karatasi imetimia?" prezida akauliza, muhuri mkononi.

"Imetimia."

"Haiyatimia," mama akasema.

Alisema kwa sauti ndogo, lakini alikuwa mstari wa mbele. Alisimama. Mama yangu, ambaye akitaka chumvi mezani anangoja mtu aikumbuke mwenyewe, alisimama mbele ya ukumbi mzima. Nikataka kusimama naye, akanisukuma bega nikae.

"Muzee, ninaomba kuuliza."

Papa mukubwa hakuweza kukataa mbele ya watu. "Uliza, mama."

"Huyu binti wangu," akaninyooshea kidole, "nani alimupatia jina?"

"Ni mimi. Nani mwingine? Ndugu yangu alikuwa kwenye safari. Nilisimama kwenye mulango yako, nikamuita jina, watu wakaitika."

"Ulimuita nani?"

Papa mukubwa akataja jina langu. Ni jina la binti wa pili. Ukumbi ule ulikuwa umejaa Wanande, na hata sekretere wa Masisi alikuwa ameshajifunza kwa kutucheka. Hapakuwa na wa kuelezwa.

"Wa pili," mama akasema. "Kwenye mikono nilikuwa na mutoto mumoja tu. Wewe ukamuhesabu wa pili. Muzee, wa kwanza alikuwa nani?"

Wamama wa nyuma walianza kuguna, "Eee... eee..." Papa mukubwa alirekebisha kofia.

"Alichukua jina la nyanya yake."

Hilo ndilo jibu nililofundishwa nyumbani tangu nikiwa mdogo. Kila aliyeniuliza kwa nini mtoto wa kwanza ana jina la wa pili, nilimjibu, nimemrithi nyanya. Sikuwahi kujiuliza nyanya yupi. Mjinga mimi!

"Nyanya yake gani, muzee?" Mama alionyesha karatasi kwa mkoba wake. "Mama yenu ule pale juu, alikuwa binti wa ine. Umemusoma sasa hivi. Mama yangu alikuwa wa tatu. Ule nyanya wa pili ni nani?"

Papa mukubwa aligeuka akaitazama karatasi, akatugeuzia mgongo. Mabega ya koti lake yalishuka. Aliponirudishia uso niliona mzee tu, bila chifu wala safari za maharagwe, na hasira yangu yote ikaniisha ghafla nikabaki sina cha kushika.

"Kumbe nilimuhesabu," akasema.

"Ulimuhesabu, muzee."

"Ni mimi nilichimba," akasema. Alikuwa anamwambia mama peke yake, lakini sote tulisikia. "Ndugu yangu alikuwa hayuko. Mvua ilikuwa inanyesha. Ni mimi nilimubeba."

"Ninajua. Nilikuona kwenye dirisha."

"Alikuwa na nywele mingi."

"Mingi sana," mama akasema. "Basi mukubwa wa nyumba alimuona."

Papa mukubwa alivua kofia. Sijawahi kumwona bila kofia mbele za watu, hata kanisani anaivua akiwa ameshapiga magoti ili watu wasione kichwa. Alinyoosha mkono kwa sekretere, akaomba kalamu.

Sasa kukawa na tatizo la nafasi. Mimi nilikuwa nimeandikwa kwa herufi kubwa mwanzo wa mstari, hakuna hata pa kupitisha kidole. Prezida, ambaye macho yake yalikuwa mekundu na kwa hiyo alikuwa ameshahamia Kifaransa, akapendekeza mshale na duara pembeni. Papa mukubwa akakataa. Mutoto wa kwanza hawezi kukaa pembeni, akasema. Akachukua kalamu, akanikata mimi. Mstari mmoja mnene juu ya jina langu, mbele ya watu wote, kama nimefariki! Palepale juu akaandika jina la binti wa kwanza, polepole, na mimi akaniandika upya chini yake, kwa herufi ndogo, nimebanwa na mdogo wangu. Maisha yangu yote nilikuwa mtoto mkubwa wa nyumba. Nimewapiga wadogo zangu kwa cheo hicho, nimekula ini la kuku kwa cheo hicho. Kikaondoka kwa kalamu moja, na nilikuwa nalia kwa furaha kiasi kwamba mama mmoja nisiyemjua alinipa kona ya kitenge chake nipangusie uso.

"Imetimia?" prezida akauliza.

Papa mukubwa alimtazama mama. Ni mama aliyejibu. "Imetimia," akasema, na muhuri ukapigwa.

Kisha karatasi nyingine zikasomwa, nyingi, na moja ilikuwa na machifu wawili. Jua lilikuwa linashuka tulipofika kwenye chakula: bugali, sombe ya majani ya muhogo, na sambaza, samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga kwenye mabeseni. Mama alikuwa amesimama mbali, mbele ya karatasi yetu, na sahani yake ilikuwa inapoa. Hakuwa anafanya kitu. Alikuwa amesimama tu, kama mtu aliyefika mahali alipokuwa anakwenda.

Papa mukubwa alikuwa mkuu wa meza, kwa sababu hakuna meza ambayo yeye si mkuu wake. Aliona kwamba mama hali chakula. Akataka kumwita.

Kwetu mama anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Mama yangu, tangu nijue kusikia, ameitwa mama wa mimi. Sokoni, kanisani, kwenye msiba, jina langu ndilo lililokuwa lake, na wengi hapo hawakujua kama ana jingine. Papa mukubwa naye alimwita hivyo miaka yote. Alifungua mdomo kumwita kwa jina langu, nilimwona. Akaufunga. Akaweka kijiko chini, akavuta pumzi, na kwa ile sauti yake ya kuita lori lisimame akamwita mama wa binti wa kwanza, kwa jina lile aliloliandika.

Katika ukumbi uliojaa Wanande, nusu ya wanawake wakageuka. Wengine waliitika na chakula mdomoni. Mama mmoja alikuwa ameshaanza kuja.

Mama yangu aliitika kabla yao wote. Alisema, "Niko."